Mkungu Uliokosa Mnunuzi

Jambo lote lilinigharimu bei ya mkungu mmoja wa ndizi na kazi ya kunadi sadaka, kazi isiyo na mshahara lakini yenye heshima yake.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kanisani Vudee. Siku za wiki nilikuwa na duka dogo Hedaru. Jumapili napanda mlimani, na baada ya ibada nanadi kuku, mayai na maharage waliyotoa waumini wasio na fedha. Wazee wa kanisa walinichagua kwa sababu nilijua kuitoa hata senti iliyofungwa kwenye pindo la kanga.

Mteremkoni, juu ya kanisa, waliishi wanaume wawili: mmoja mwenyeji, sauti nzito ya kwaya, mwingine mgeni aliyewahi kukata mkonge huko tambarare. Hawakuoa. Tuliwaita ndugu, yakaisha. Ila viwanja vya kijiji vilipogawiwa, kila mtu chake, wao wakaomba kimoja. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa kanisa, akijua nawapelekea mafuta ya taa hadi nyumbani, aliniuliza nimeona vitanda vingapi. Nikamjibu kimoja, na kwangu pia kimoja, tena tumo saba. Hakucheka. Hata mimi, nikiteremka, nilijikuta nakihesabu tena kile kitanda.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa ya Sodoma. Wale wawili wakaleta mkungu kama kawaida yao, mnono. Nikaunadi. Kimya. Nikashusha bei, jambo nisilolizoea. Wanawake wakakaza mafundo ya kanga.

"Uweke pembeni," mzee yule akasema. "Sadaka nyingine hazipokelewi."

Nikamkumbusha kuku wa muumini mmoja mwenye wake wawili, asiyeruhusiwa meza ya Bwana. Wiki iliyotangulia tulimnadi kuku huyo, na mnunuzi alikuwa mzee huyohuyo.

"Kuku ni kuku," akasema.

Nikatoa shilingi tatu zangu, nikaununua.

"Na utaula na nani?" mtu akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka, na tangu hapo na mimi nikawa wa kuhesabiwa vitanda. Kabla sijaondoka nilikuwa nimeshavuliwa kazi ya mnada.

Yule wa kwaya alinikuta njiani, akaupokea mkungu begani bila kuombwa. Tukateremka pamoja. Nilimshuku hata kwa msaada ule.

"Kaka," akasema mwishowe, "wewe unajua watu wakinyamaza mnadani wanamaanisha nini. Nishauri. Jumapili ijayo tulete mkungu mwingine, au tuhesabu tumeshafukuzwa?"