Gari Linalolia Mabanga

Gari langu ni dogo, la zamani, la Kijapani, na usukani wake uko upande usiofaa kwa barabara zetu. Hayo yote nilishalisamehe. Nisichoweza kulisamehe ni mkanda wa alternata, ile mashine inayochaji batri. Kila asubuhi nikiwasha injini, mkanda hupiga ukelele wa kupasua masikio, na hauachi mpaka nikaribie barabara ya lami. Hapo hunyamaza. Kwa fundi haulii kamwe. Ni kama mtoto aliyelia kwa homa usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anaanza kucheza na kalamu za daktari. Fundi wa kwanza alisikiliza injini, akafunga kapo, yaani kifuniko cha injini, akaniuliza kwa huruma kama ninalala vizuri.

Mtaani kwetu Mabanga, nyumba zimebanana juu ya mawe ya volkano, kwa hiyo ugonjwa wa gari langu ulikuwa wa mtaa mzima, na kila jirani alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema nipake sabuni ya kipande. Nilipaka, mkanda ukatoa povu na kulia. Mwingine alileta mshumaa. Shemasi wa kanisa letu alishauri maji ya baraka, nami kwa kuwa nilikuwa nimechoka sikukataa. La kuvunda halina ubani: mkanda uliendelea kulia, safari hii ukiwa umebarikiwa. Nikanunua mwingine, kisha mwingine. Kila mpya ulijifunza kulia kabla sijauzoea. Nililaumu kiwanda, nikalaumu mavumbi meusi, nikalaumu volkano yenyewe, ambayo hapa Goma ni mshtakiwa wa kudumu na haijawahi kujitetea.

"Papa wa batoto," mke wangu aliniambia, "hii gari yako inatuamushaka mbele ya jogoo. Tumuchinje tu ule jogoo, kazi yake ilishaka kwisha."

Lakini aliyelisema gari vibaya kuliko wote ni baba yangu. Baba ni mtu wa ng'ombe, wa milima ya Masisi. Vita vilimshusha hadi kwangu akiwa na fimbo na koti. Ndugu yake mdogo, yaani baba yangu mdogo, alikataa kuacha ng'ombe. Alisema atafuata. Hakufuata. Simu yake ilizimika wiki ileile, na tangu hapo hatukujua kama yu hai. Jumamosi nyingi nilikwenda Munigi na kwingine walikofikia watu waliokimbia, nikauliza habari zake. Walinijibu kwa upole, na upole wao ulinitisha. Taratibu nikaacha kwenda. Baba hakuniuliza kwa nini, wala nyumbani hatukulitaja tena jina la ndugu yake; tulisema tu kwamba alikuwa mtu mzuri.

Gari, hata hivyo, alilizungumzia kila siku. "Hii kitu haizalake, haikamuliwake, na bado inalia," alisema, akiegemea fimbo. "Ngombe ikilia hivi, mutu anaangaliaka kwanza kama ilikula."

Tulicheka sana. Mzee na ng'ombe wake, tukasema.

Kuna jambo moja la kwetu inabidi nilieleze. Baba mkwe haketi ovyo chumba kimoja na mke wa mwanawe. Ni heshima nzuri, ila iliwekwa na watu waliokuwa na mlima mzima wa kukwepana. Mimi nina sebule moja, na ndani yake kuna mke wangu, watoto, televisheni na madaftari ya wanafunzi ninayosahihisha. Baba alikula nje, chini ya paa dogo la mlangoni. Jioni alisema anakwenda kunyoosha miguu. Hata mvua iliponyesha alikwenda kuinyoosha. Niliona si adabu kumuuliza mzee ni miguu gani hiyo inayonyooshwa kwenye mvua.

Mwishowe nikapelekwa kwa fundi mmoja mzaliwa wa Butembo, mwenye majivuno ya kutosha mafundi watatu. Yeye hakutaka nimpelekee gari. Alikuja nyumbani alfajiri, akanikataza kuwasha, akaanza kwa kupima batri.

"Papa, kuruwa yako iko muzima," alisema, akigusa mkanda kwa kidole. "Njo batri iko na njaa. Asubuyi alternata inatumika sana juu ya kuishibisha, kuruwa inateleza, inalia. Ikishiba kidogo, inanyamaza. Nani anashindaka mu gari yako?"

"Hakuna mutu."

"Iko mutu," alisema, akaanza kufunga vyombo vyake.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Niliinua macho kutoka kwenye madaftari, nikatazama msumari wa mlangoni ambapo hutundikwa ufunguo wa gari. Ufunguo haukuwapo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakuniambia kwamba kinaweza kuwa baba yako. Nilijifunika koti kichwani, nikatoka. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, wima, fimbo katikati ya magoti, na redio ya gari ikiwaka. Nilifungua mlango wa upande wa pili nikiwa na maneno yangu tayari.

"Ingia, ufunge mulango," alisema. "Banaanza sasa."

Ilikuwa saa ya komunike. Kila jioni stesheni ile husoma matangazo ya watu: misiba, mikutano, mbuzi waliopotea, watu waliopotea. Tulisikia msiba, tukasikia mbuzi. Kisha msomaji akatamka jina la baba yangu mdogo, jina lake lote, polepole. Baba akanyanyua kichwa.

"Anatafutwa," msomaji alisema, "mfugaji kutoka Masisi, mfupi, mwenye pengo la meno ya mbele. Anatafutwa na kaka yake aliye Goma. Yeye mwenyewe akisikia, au mwenye habari zake, afike Mabanga asubuhi na mapema, asikilize gari linalolia kama nguruwe anayechinjwa. Kaka yake yuko kwenye nyumba hiyo."

Alisoma bila kucheka, na nikamshukuru moyoni. Mtaa wetu hauna namba za nyumba, wala njia yetu haina jina. Kumbe Baba alikuwa amekwenda kwa miguu hadi kwenye redio, wakamuuliza mtu huyo atafika wapi, naye akawapa anwani pekee aliyoijua, ambayo hata mgeni kutoka milimani hawezi kuikosa.

"Papa, kwa nini haukuniambia?"

Alipunguza kidogo sauti ya redio. "Mu nyumba munasemaka, alikuwaka mutu muzuri. Huku banasema, anatafutwa."

Niliona haya, na niliumia. Nilimkumbuka baba mdogo na pengo lake, alivyokuwa akinibeba mabegani kuvuka mto, na kwa mara ya kwanza tangu niache kwenda Munigi nilimtaka aje.

"Ule fundi alisema nini?" baba akauliza.

Nikamwambia. Redio ikiwaka jioni, batri inabaki na njaa, na asubuhi mkanda unalia.

"Basi ni mimi njo ninakuharibishia gari," alisema. "Nitaacha." Akashika ufunguo ili azime redio.

Nilimshika mkono, jambo ambalo mtoto hamfanyii baba yake. Ilinichukua muda kulipanga kichwani. Baba akiacha kusikiliza, batri itashiba. Batri ikishiba, mkanda utanyamaza. Na mkanda ukinyamaza, mtu aliyeshuka milimani atapita mbele ya nyumba yetu, ataenda zake.

"Endelea tu, papa," nilisema. "Acha iwake."

Asubuhi nilitoka mapema kuliko kawaida, nikafungua lango lote, nikawasha gari. Mama jirani akapaza sauti nyuma ya ukuta: "Papa, leo tena? Mupaka lini?" Baba alikuwa ameshasimama njiani na koti lake, akimtazama kila mtu aliyepita, usoni kwanza, kisha mdomoni. Baada ya muda nikasikia ukelele unaanza kupungua. Nikawasha taa, feni na vipangusa vya kioo, vyote kwa pamoja, alternata ikaelemewa, na mkanda ukapaza sauti tena.