Mtoto Niliyempima Bila Kumtazama

Nakumbuka Jumanne moja ya kupima watoto uzito, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na tatu na blauzi nyeupe ya kazi, lile koti la muuguzi la kuvaa juu ya nguo, ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, katika kituo cha afya ambacho sitakitaja jina, huku kwetu Rusizi, upande wa milima ya migomba. Kosa lilikuwa langu mimi, kituo tukiache kipumzike.

Nakusimulia haya leo kwa sababu kesho unaanza mafunzo ya kuwasaidia akina mama wenye shida ngumu za kunyonyesha. Watakupa mwanasesere na titi la kitambaa lililojazwa pamba, wakuonyeshe namna ya kumshika mtoto, kichwa hivi, tumbo hivi. Jifunze vizuri, sikucheki. Enzi zetu hatukupata hata hicho kitambaa. Tulipewa siku mbili za maelezo na picha ya kubandika ukutani, mama anatabasamu na mtoto amenenepa, nami nikarudi kazini nikiamini kwamba nimemaliza elimu yote ya maziwa. Lakini mwanasesere hasikii njaa, mwanangu, wala harudi nyumbani jioni akilia. Kuna mambo hatakufundisha.

Kwanza nikuambie jinsi nilivyolelewa, maana kosa langu lilianzia huko. Kwetu mtoto mwenye adabu hatazami mdomo wa mtu anayekula. Nyanya yangu wa Gashonga alinizaba kofi nikiwa na miaka sita kwa sababu nilimkodolea macho mgeni aliyekuwa akila maharage na ndizi. "Unamuhesabia matonge?" aliniuliza, na mgeni akacheka, nami nikaona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo. Basi nilipokuwa muuguzi, kila mama alipotoa titi mimi niligeuza uso nikaandika kwenye daftari. Mtoto anakula, mimi namwachia nafasi yake. Akina mama walinisifu, walisema binti yule amelelewa. Waswahili husema macho hayana pazia. Ya kwangu yalikuwa nalo, na nililiona pambo.

Jumanne hiyo akaja mama mmoja aitwaye Nabintu. Alikuwa mzaliwa wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyeolewa upande wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na kila asubuhi alivuka mpaka na beseni la nyanya kwenda kuuza kwao. Kinyarwanda kilikuwa bado kinampiga chenga, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Mtoto wake wa kike, Asifiwe, alikuwa na wiki tano. Nilimtundika kwenye mizani, nikaandika, nikaona kwamba uzito ulikuwa chini ya ule wa siku aliyozaliwa.

"Munganga," Nabintu akasema, maana huku kwetu kila mwenye blauzi nyeupe ni munganga, "huyu mutoto ananyonyaka kutwa nzima lakini hashibe. Tena maziwa inatokaka ku mapua."

Alinieleza ugonjwa wote, mwanangu. Kwa maneno machache hayo alinipa kila kitu nilichohitaji kukijua. Nami sikuinua hata kichwa. Nililiona beseni lake mlangoni, na jibu langu lilikuwa tayari kabla hajamaliza.

"Unamulisha akilala, ndiyo maana inatoka puani. Na wewe kutwa uko soko ya Bukavu, mutoto atashiba nini? Upepo?"

Nilisema kwa sauti, mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi, na wao wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba wamecheka. Nabintu alimfunga mtoto mgongoni, akachukua beseni lake, akasema aksanti. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya watu.

Jumanne iliyofuata alirudi, na safari hii hakuwa na beseni. Alikuwa ameacha biashara. Meza yake sokoni kule Bukavu ilikwishachukuliwa na mwingine, naye alikaa nyumbani wiki nzima akimnyonyesha Asifiwe usiku na mchana kama nilivyomwamuru. Mtoto alikuwa amepungua tena. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea kama soksi ya mtu mzima.

"Siko nadanganya, Munganga," akasema. "Niko namupa titi kila saa. Anavuta, anachoka, analala, anaamuka analia. Na ku mapua inatoka tu."

Akatoa titi ili nione. Nami nikageuka kwenye daftari langu, nikamwambia akae wima, avumilie, ale uji wa mtama ili maziwa yaongezeke. Moyoni nilidhani bado anakwenda sokoni kwa siri. Kuamini kwamba mama anadanganya ni rahisi sana, mwanangu, kuliko kuamini kwamba wewe hujui.

Siku nne baadaye alikuja asubuhi na mapema, siku ambayo haikuwa ya kupima. Mtoto alikuwa halii tena. Zamu ilikuwa ya Maman Domitila, mkunga mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, mwenye magoti mabovu na maneno ya kuhesabika. Mimi nilikuwa napanga dawa kabatini. Maman Domitila hakugusa mizani wala hakufungua daftari. Alivuta kigoda, akakaa chini karibu kabisa na goti la Nabintu, akasema, "Munyonyeshe, mama, tuone."

Akatazama. Nilishika chupa mkononi nikimwangalia yeye anavyotazama, nikaona haya kwa niaba yake. Alikodoa macho kwenye mdomo wa mtoto bila kupepesa, sikio lake akalileta karibu, kama mtu anayesikiliza panya ukutani. Muda ulipita mrefu. Asifiwe alivuta, akatoa kijisauti cha kukatika, akavuta, akaacha. Tone la maziwa likatoka puani.

Maman Domitila alinawa mikono, akaingiza kidole kidogo kinywani mwa mtoto, akakizungusha juu taratibu. Uso wake ukabadilika. "Lete tochi," akaniambia. Kisha, "Nawa, tia kidole na wewe."

Nilitia. Pale juu kinywani, mahali ambapo kidole chako kinatarajia kukuta dari, cha kwangu kilipotea. Palikuwa na shimo, kaakaa halikufunga tangu tumboni. Mdomo wa nje ulikuwa mzima, mzuri, hauna hata alama. Nyumba njema si mlango, wazee walisema, fungua uingie ndani. Mimi nilikuwa nimeishia mlangoni mara mbili. Mtoto mwenye kinywa kama kile hawezi kuvuta maziwa hata titi likiwa limejaa, hewa inapita na nguvu inakwisha. Alikuwa akifanya kazi kutwa nzima bila chakula.

Maman Domitila aliniuliza kwa Kiswahili, makusudi, ili Nabintu asikie. "Ulimutazama huyu mutoto akinyonya?"

"Nilimpima," nikasema.

"Sikuuliza mizani. Ulimutazama?"

Nabintu alinijibia, akiwa ameinamisha kichwa, bila hasira yoyote. "Nilimuambia mara mbili, Maman."

Basi yule mzee akanigeukia. "Adabu ya nyumbani kwenu ni nzuri," akasema, "lakini hapa kazini imemunyima mutoto chakula. Mugeni anayekula, geuza uso. Mutoto anayenyonya, mutazame mpaka aachie mwenyewe. Kama unaona haya, katafute kazi ingine." Alisema polepole, sauti yake haikupanda hata kidogo. Ningefurahi kama angenizaba kofi.

Akamfundisha Nabintu kukamua kwa vidole, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Maziwa yaliruka kikombeni mara ya kwanza tu alipobana. Yalikuwa mengi, mazito, ya kutosha watoto wawili. Mwanamke niliyemdhania amekauka alikuwa amejaa muda wote. Tulimkalisha Asifiwe wima, kikombe kidogo mdomoni, akalamba kidogo kidogo, akameza, akalamba tena. Nabintu alicheka kwa mara ya kwanza, nami nikadhani nimeokoka.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kifua cha mtoto kilikuwa kimeshaingiwa na maziwa na homa ilikuwa imepanda. Gari la wagonjwa liliwapeleka hospitali kubwa, na huko walijitahidi kweli. Siku ya tatu Asifiwe alifariki. Hakuwa hata ametimiza miezi miwili.

Siku ya pili baada ya mazishi Maman Domitila aliniambia nivue blauzi, twende. Sikujua tunakokwenda mpaka tulipofika mlangoni kwa Nabintu. Alikuwa amelala kwenye mkeka, kitenge kimelowa kifuani. Matiti yalikuwa yamevimba, magumu kama mawe, yanamuuma hata kupumua. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba mtoto akizikwa, mwili wa mama haupati habari. Unaendelea kupika.

"Kaa," mzee akaniambia. "Leo utatazama."

Nilikaa. Niliweka vitambaa vya maji baridi, nikamsaidia kukamua kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, kwa sababu ukikamua sana mwili unazidi kutengeneza. Hiyo ndiyo siku ya kwanza katika kazi yangu kuangalia titi la mama kwa macho mawili. Nabintu hakunitukana wala hakunisamehe. Aliangalia kile kikombe kilichokuwa kimejaa nusu mkononi mwangu, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia, "Hii sasa niipeleke wapi, Munganga?"

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na tano tangu siku ile, na swali hilo bado nalisikia. Nabintu alirudi kwao Bukavu kabla ya mwaka kwisha, wala sikumwona tena. Usitarajie nikwambie kwamba tulikutana sokoni tukakumbatiana. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea mwenyewe mpaka amezeeka nami.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuachie haya. Mama akija na shida ya kunyonyesha, kalamu iweke chini. Kaa chini yake, si juu yake. Mtazame mtoto tangu anapolishika titi mpaka anapoliachia, hata kama foleni inanung'unika nje, na sikiliza kama anameza au anavuta hewa tu. Fungua kinywa chake, tumia mwanga, tumia kidole kilichooshwa vizuri, nenda mpaka nyuma kabisa. Asipoweza kuvuta, maziwa ya mama yakamuliwe apewe kwa kikombe siku hiyo hiyo, wala usingoje Jumanne nyingine. Usilopata kulielewa, mpeleke mtoto kwa anayelijua, kuuliza si ujinga. Na usimhukumu mama kwa beseni lake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akikueleza jambo ambalo halimo kwenye somo lako, hilo ndilo la kushika kuliko somo lote. Na wale watakaofiwa, wafuate mpaka nyumbani, kwa sababu kazi yetu haiishii kaburini kwa mtoto.

Sikuambii utaokoa wote. Wengine watakuponyoka hata ukifanya kila kitu sawasawa, na huzuni hiyo utaibeba, lakini ni nyepesi kuliko hii yangu. Nenda kesho ukajifunze. Mungu akupe subira ya kukaa kwenye kigoda kwa muda mrefu, na mikono yako iwe ya heri kwa kila mzazi, na watoto utakaowashika wakue, wazeeke, wala wasijue kamwe kwamba waliwahi kukuhitaji.