Mama Birika na Meya Aliyekataa Kuketi

Mama Birika alijua kwamba Meya anaachwa kabla Meya mwenyewe hajajua, na hakuambiwa na mtu. Vikombe ndivyo vilivyomwambia. Kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi ya kikao, vikombe ishirini na nne vilitoka jikoni kwenda ofisi ya Meya, kwa sababu madiwani walipita kwanza kumwamkia, kuusifu ukosi wa shati lake na kucheka vichekesho ambavyo hata aliyevitunga alikuwa amevichoka. Ghafla vikashuka hadi kumi na saba. Kikao kilichofuata, tisa. Halafu ikafika siku vikatoka vitatu: cha Meya, cha shemeji yake aliyekuwa diwani, na cha diwani mwingine mzee asiyesikia vizuri ambaye habari zilikuwa hazijamfikia. Vilivyobaki viliagizwa mwisho wa korido, kwa Naibu Meya, ambako zamani hapakuwahi kuagizwa hata maji.

"Chai haina unafiki, wifi," alimwambia dada wa mumewe jioni ile huku akijikanda miguu. "Inakwenda ulipo ulaji."

Mwenyewe aliingia jengo lile kufagia na kuchemsha chai kwa wiki mbili tu, kumshikia nafasi mwanamke aliyekwenda kujifungua. Mwanamke yule hakurudi. Mtoto aliyezaliwa sasa ana ndevu, na Mama Birika bado alikuwa kibarua wa wiki mbili. Kila mwaka alimwendea Meya kuomba aajiriwe, na kila mwaka Meya alimpigapiga begani. "Mama, faili lako liko mezani kwangu." Meza hiyo Mama Birika aliifuta kila siku ya Mungu. Juu yake palikuwa na kioo, kitana na kisahani cha karanga. Labda faili liliandikwa kwenye karanga.

Sasa Jumamosi alikuwa anatimiza miaka sitini. Kibarua akifika sitini hurudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Aliyeajiriwa, hata kama ni jana yake, hurudi na kiinua mgongo cha miaka yote aliyotumika. Karani wa baraza, mtu mkavu kama biskuti lakini mwenye haya, alimchomeka kwenye orodha: agenda ya tisa, kuthibitishwa kwa mhudumu wa chai. Agenda ya kwanza ilikuwa kumwondoa Meya.

Hapo ndipo palipoziba njia. Miaka ya nyuma, Meya alipokuwa bado anapendwa au anaogopwa, alijitungia kanuni kwamba kikao hakifunguki mpaka mwenyekiti aketi kitini, na maadamu yumo ndani ya jengo, hakuna mwingine wa kukiendesha. Aliitunga ili madiwani wamngoje wima kama watoto wa shule. Sasa kanuni hiyo ikamwokoa. Jumatatu aliingia ukumbini, akasimama nyuma ya kiti chake kikubwa cha ngozi, akakikumbatia mgongo, na hakuketi. Alisimama mpaka saa kumi na moja, walinzi wakafunga ukumbi. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano alilegeza kamba za viatu kwa sababu miguu ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Mji mzima ukamwita Gundi, ingawa gundi angalau hushika kitu. Huyu aling'ang'ania kiti kwa kukataa kukikalia.

"Mheshimiwa, pumzika kidogo," madiwani walimbembeleza.

"Mimi nimesimama na wananchi!"

Wananchi walikuwa sokoni wakinunua vitunguu.

Alhamisi ikafika, na ndiyo siku ya mwisho, kwa sababu Ijumaa jengo lilikuwa lifungwe kupuliziwa dawa ya mende. Asubuhi hiyo shemeji mtu naye akahamia upande wa Naibu, akiapa kwamba dhamiri ilimsumbua usiku kucha. Dhamiri yake ilikuwa imelala miaka kumi na mmoja, haikuwa na haraka. Mama Birika akasimama mlangoni na birika lake, akatazama saa ya ukutani ikielekea saa nane, akamtazama Meya anavyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Akamwinamia Karani.

"Mwanangu, kanuni inasema mwenyekiti asiketi mpaka lini?"

"Mpaka atakapotaka, mama."

"Na watu wengine je? Inawakataza kukikalia hicho kiti?"

Karani akafungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa mzima. "Haisemi kitu."

"Basi."

Akaenda taratibu mpaka mbele, akitandaza kitambaa chake kama anayekwenda kufuta vumbi. Akafuta mkono wa kushoto wa kiti, akafuta wa kulia. Kisha akageuka, akaketi. Akajimiminia chai.

Meya, aliyekuwa bado ameshika mgongo wa kiti, alitazama chini akaona kilemba.

"Wewe! Inuka hapo!"

"Nimechoka, baba. Tangu Jumatatu umesimama, na mimi nimesimama. Tofauti yetu, mimi nimeshika birika la moto."

"Hicho ni kiti cha Meya!"

"Si hukitaki? Siku ya nne hii kinakaa bure."

Diwani mmoja wa nyuma hakuweza kujizuia. "Mheshimiwa Mwenyekiti! Naomba nafasi nichangie!"

Mama Birika akainua kijiko. "Changia, lakini usiwe mrefu. Vyombo vinaningoja."

Kicheko kilichopasuka kilitikisa vioo. "Kweli tumepata kiongozi!" mwingine akapaza sauti, na mtu akapiga makofi, wakaitikia wote, hata yule mzee asiyesikia, ambaye alidhani ndiyo hotuba imekwisha. Na makofi ndiyo yaliyommaliza Meya. Matusi aliyavumilia, na saini za kumpinga alizivumilia, maana hizo angalau zilimhusu yeye. Lakini kupigiwa makofi mtu mwingine, kwenye kiti chake, tena kibarua? Akazunguka mbio, kamba za viatu zikiburuzika.

"Toka! Nimesema toka!"

Mama Birika akainuka polepole, kikombe mkononi, bila kumwaga tone. Kabla kilemba hakijapita usawa wa meza, Meya alikwishajitupa kitini kama abiria anayegombea siti, akaishika mikono ya kiti yote miwili, akihema, uso umejaa ushindi.

Karani alitazama saa. "Saa nane na dakika kumi na mbili. Mwenyekiti ameketi. Kikao kimefunguliwa."

Meya akaruka wima. Lakini kikao si mlango, hakifungwi kwa kusimama. Mikono ishirini na miwili ikainuka kumwondoa. Shemeji alikuwa ameomba ruhusa kwenda kujisaidia.

Naibu akakikalia kiti, akafuta machozi yasiyokuwepo, akahutubia kwa muda mrefu kuhusu unyenyekevu. Alipoulizwa kama ile kanuni ya kuketi itafutwa, akasema ina mazuri yake, isiguswe kwa pupa. Agenda saba zilizofuata zikapita kwa mkupuo, kisha madiwani wakaanza kukusanya simu zao, wengine wameshafika mlangoni wakielekea kusherehekea. Karani akahesabu kwa macho akakunja uso: wakibaki chini ya kumi na watatu, hakuna uamuzi. Mama Birika akaliona hilo. Akaweka sinia na chupa za chai mezani, akafunika vikombe kwa kitambaa.

"Chai na maandazi ni baada ya agenda ya tisa!"

Wakarudi. Mashujaa wote wa mageuzi wakarudi, wakakaa na mikono magotini. Agenda ya tisa ilipita kwa muda mfupi kuliko wa kukoroga sukari, na hakuna aliyeuliza mhudumu mwenyewe anaitwa nani. Karani peke yake ndiye aliyeliandika jina lake kamili, kwa herufi kubwa, akampa karatasi.

Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Saa ya ukutani ikagonga kumi.

"Mama, vipi, tunamiminiwa?" Meya mpya akaita. "Mimi vijiko vinne."

"Kibarua hutoka anaporuhusiwa, Mheshimiwa. Mwajiriwa hutoka saa kumi." Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. "Chupa ziko mezani."

Koridoni alimkuta Meya wa zamani amesimama mbele ya chupa ya chai ya wageni, kikombe tupu mkononi, akiigeuza huku na huku.

"Mama Birika," alisema kwa sauti ndogo, "hii inabonyezwa wapi?"

"Juu, baba," akamjibu bila kusimama. "Juu hapo ulipopazoea."