Injini Iliyokwanguliwa Namba

Kwa Ekidor, injini iliyokwanguliwa namba ilikuwa injini ya wizi, basi. Alikuwa amezitengeneza injini za mashua kule Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, miaka kumi na miwili kabla ya kuhamia Lodwar kufungua banda la pikipiki na pampu za maji, na hakuwahi kumwona mwenye mali halali akiipiga tupa mali yake. Kwa hiyo siku mwanamke mmoja mrefu aliposhusha kutoka kwenye pikapu kitu kilichoviringishwa turubai, akakifungua, na mahali pa kibao cha namba pakawa na makwaruzo matupu, machale yalimcheza.

"Ejok, fundi," mwanamke alisalimu kwa Kiturkana. "Mimi naitwa Nyaruach. Nimetoka Kakuma. Nataka hii iwake."

Ekidor aliizunguka. Ilikuwa ya miaka ya sabini, ya kuwashwa kwa kamba. Alijaribu kuivuta kamba, ikagoma. Ndani kila kitu kilikuwa kimeshikana kwa kutu.

"Kakuma hakuna ziwa, mama."

"Najua. Nimekaa huko miaka kumi."

"Sasa injini ya mashua ilifikaje huko?"

"Ilikuja na baba yangu."

Akaeleza kwa kifupi, kama mtu aliyechoka kuulizwa. Baba yake, mzee Nyuon, alikuwa akivusha watu mto Sobat, huko Nasir, Sudan Kusini. Vita vilipowafikia walikimbia kwa mashua hiyo hiyo. Mbele ya safari mashua iliuzwa, injini ikapakiwa nao kwenye lori hadi Kenya. Namba aliikwangua mzee mwenyewe, maana wenye bunduki walikuwa wakisimamisha mashua na kudai kila injini yenye namba ni ya serikali. Mzee alifia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka jana. Nyaruach alikuwa akinunua samaki wakavu Kalokol na kuwauza Kakuma, na sasa alikuwa amepata mvuvi wa kushirikiana naye, mwenye mashua lakini hana injini.

"Kibali changu cha kutoka kambini ni siku saba tu," alimalizia.

Maelezo yalikaa sawa. Kwa Ekidor yalikaa sawa mno. Aliikubali kazi, na yule mama alipokwenda kutafuta pa kulala, akampigia simu Lokiru, kaka wa mke wake, mvuvi wa Kalokol ambaye miaka miwili nyuma alisema injini yake ya zamani imeibwa ufukweni.

"Sisemi ni yako, shemeji," alimwambia. "Nasema uje uitazame."

Kesho yake Nyaruach alifika kabla banda halijafunguliwa. Aligeuza kreti ya soda, akakaa, na kila kifaa Ekidor alichokifungua alikipiga picha kwa simu. Kufikia saa sita fundi alikuwa ameudhika.

"Unadhani nitakuibia?"

"Wewe unadhani mimi nimeiba," Nyaruach alijibu. "Basi tuko sawa."

Ekidor alichomoa plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki kwenye tundu lake, akaiacha injini ilowe hadi kesho yake. Kabureta aliiosha mara nne, maana petroli ya zamani ilikuwa imeganda ndani kama ulimbo. Siku ya tatu aliweka kipande cha ubao na kugonga polepole, na pistoni ikasogea kiasi cha upana wa kucha. Kila mmoja aliona kuwa mwenzake amefurahi.

Siku ya nne Lokiru aliteremka kwenye bodaboda. Hata hakuinama.

"Ni hii."

"Una uhakika?"

"Mtu hasahau injini yake. Na namba imekwanguliwa, unataka nini zaidi? Tuite polisi."

Nyaruach alisimama. Hakupaza sauti. Aliingiza mkono mkobani akashika kibali chake. Ekidor alijua polisi wakija ataaminiwa nani.

"Ngojeni," alisema.

Kulikuwa na kifuniko kimoja ambacho hakuwa amekigusa, kile kinachofunika njia ya maji yanayopoza silinda. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Kule Kalokol hakuwahi kufungua injini, hata iliyotumika msimu mmoja tu, asikute ukoko mweupe kama chaki kwenye njia hiyo. Alifungua bolti moja baada ya nyingine huku wote wawili wamemwinamia. Gasketi ilikuwa bado ile ya kiwandani, haijapata kubanduliwa. Nyuma yake kulikuwa na matope meusi yaliyokauka, yenye vijiti vya majani. Weupe, hata wa kupaka kidoleni, haukuwepo.

"Hii haijawahi kuingia ziwa letu," Ekidor alisema. "Yako uliitumia miaka mingapi?"

"Sita." Lokiru aliyatazama matope. "Inawezekana wameisafisha."

"Brashi haifiki huku, shemeji. Na kifuniko hakijafunguliwa."

"Kwa hiyo unasimama na mgeni dhidi yangu."

Alipanda bodaboda akaondoka hata maji hakunywa.

"Nani alimwita?" Nyaruach aliuliza.

Ekidor angeweza kudanganya. "Mimi."

Nyaruach alinyanyua kreti yake, akaisogeza karibu zaidi na mikono ya fundi, akaketi.

Siku mbili zilizofuata kazi iliendelea. Mpira wa pampu ya maji ulikuwa mgumu kama kwato, ikabidi dereva wa lori la samaki alete mwingine kutoka Kalokol, na Ekidor akaupunguza kwa wembe hadi ukaingia. Asubuhi ya siku ya saba aliifunga injini kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara kumi bure. Ya kumi na moja ilikohoa, ikatema moshi, ikanguruma. Maji ya kupoza yakaruka kwenye kitundu chake. Nyaruach aligeukia ukuta wa mabati, kisha akatoka kwenda dukani.

Aliporudi alikuwa na karatasi. "Andika ulichokikuta ndani, polisi wakiniuliza niwe na cha kuonyesha. Weka jina na sahihi."

Ekidor aliandika. Nyaruach alimwonyesha makosa mawili, naye akaandika upya.

Injini ilifanya kazi Kalokol, alisikia kwa madereva. Mpira wa pampu ulipochoka, Nyaruach aliipeleka kwa fundi mwingine. Hilo Ekidor hakulishangaa. Awoi, mke wake, alimnunia miezi miwili kwa ajili ya kaka yake, kisha akasahau. Lakini Ekidor, kila Lokiru alipotajwa, alijikuta akikumbuka jinsi alivyosema "ni hii" kabla ya kuinama, na kujiuliza kama ile injini yake iliibwa kweli, au aliiuza akasema imeibwa.