Kisima Kilichokuwa Kikilala Adhuhuri

Tuliokulia Msasani kabla ya maghorofa hatujakisahau kisima cha Bibi Mwanaidi, mama yake baba yangu. Kilikuwa hatua chache tu kutoka baharini, mawimbi tukiyasikia, na bado maji yake yalikuwa matamu ajabu. Mtaa mzima ulitegemea hicho hicho. Mpaka leo nikikumbuka nashangaa.

Sheria ilikuwa moja: adhuhuri kisima kinalala. Bibi alikifunika kwa mbao, na hakuna aliyethubutu kutumbukiza ndoo hadi alasiri. "Maji matamu yameelea juu ya maji chumvi," alituambia. "Mkiyavuta kwa pupa, chumvi itapanda." Sisi tulidhani anatunyima tu kuchezea maji.

Siku moja ya likizo, Bibi akiwa msibani, mimi na binamu yangu Zuhura tulichimba shimo, tukatandika nailoni, tukajaza bwawa letu la kuogelea. Tulivuta maji mchana kutwa mpaka kamba ikatuchubua viganja. Tulijiona watoto wa matajiri! Jioni Bibi alirudi, akapiga funda la chai, akalitema. Kwa jirani nako, chumvi. Watu wakakizunguka kisima.

Nilisubiri bakora, haikuja. "Umekiamsha mwenyewe, utakibembeleza mwenyewe," Bibi alisema. Kila alfajiri nilipaswa kuonja kabla ya watu wote. Akina mama walifuata maji mbali, wakinipita bila kuitikia shikamoo yangu, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Siku ya kwanza, chumvi. Ya tano, chumvi, nikalia. Ya tisa nilionja, nikaonja tena, nikatoka mbio kugonga mlango kwa mlango. Matamu! Hakuna aliyetia kitu mle kisimani. Tuliyaacha tu yapumzike, yakarudi yenyewe. Muujiza mkubwa kuliko huo sijauona.

Siku hizi kila ua una kisima chake cha kuchimba kwa mashine, na pampu zinanguruma kutwa. Wanangu wakiosha gari, mpira unamwaga maji chini huku wao wameinamia simu. Mwaka huu maji yetu yameanza kuwa na chumvi. Ikifika adhuhuri nazima pampu, nao wananicheka: "Mama naye! Mashine inalalaga?"

Nimeonja siku tisa. Nimeonja ishirini. Bado chumvi, maana kila nikizima yangu, nasikia ya jirani ikivuta.