Usukani na Shemeji Yake Sajini

Kwa miaka kumi na tisa ya kusimama barabarani na kipima ulevi mkononi, sajini alikuwa ameshawadharau walevi wa kila aina: wanaolia, wanaotukana, wanaoapa kwamba ni dawa ya kikohozi. Lakini hakuna aliyemkinaisha kama mume wa mdogo wake, fundi wa majokofu aliyeitwa Usukani. Jina alijipa mwenyewe. Kila familia ilipokutana alikaa katikati ya sebule, miguu kainyoosha, akitangaza, "Mimi nikipata kidogo ndiyo naiona barabara vizuri." Na wajomba wazima, wenye mvi zao, wanacheka.

Asubuhi moja, saa nne, gari dogo jeupe lilikuja likikwaruza lami, tairi la mbele limechanika hadi kubaki rimu tupu inayotoa cheche. Likapita kwenye kivuko cha shule bila kupunguza mwendo, likapanda ukingo, likazimika. Ndani alikuwa Usukani, kiatu kimoja hana.

"Ah, shemeji!" akasema kwa furaha. "Barabara yenu mbovu hii."

"Puliza."

"Mbili tu, shemeji. Haki ya nani."

Alikosea tundu mara mbili, ya tatu akalipata. Tarakimu zilipanda mpaka askari aliyekuwa na sajini akadhani chombo kimeharibika. Wakaleta kingine, kikasema vilevile. Kwa kiwango kile wengine huokotwa sakafuni hawajitambui. Huyu alikuwa bado anatafuta gia.

"Tuyamalize kifamilia," Usukani akanong'ona.

"Familia ipi? Ungeua watoto wa watu pale kivukoni, ungewaambia nini? Mbili tu?"

Akampeleka kituoni. Mahakama ikamnyang'anya leseni. Mdogo mtu akanuna, na wajomba wakaitisha kikao wakamwambia sajini kwamba yeye, mwanamke, amemvua nguo mwanamume mbele za watu. Aliwasikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Usukani akanunua baiskeli. Mwezi haukuisha, mchana kweupe, akaiendesha kinyume na magari, lori likamkwepa kwa bahati tu, naye akajibwaga mtaroni, bega likavunjika. Aliyeitwa ni sajini. Alimkuta kwenye maji machafu, ananuka kama pipa la pombe, anatabasamu.

"Baiskeli haina leseni, shemeji. Hamniwezi."

Sajini alitafuta moyoni huruma kidogo, hata ya kuazima. Hakuipata. Akampigia mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu kile kikao, akamweleza.

"Yuko hai?" mdogo wake akauliza.

"Yuko hai. Anaongea upuuzi."

"Basi mpelekeni hospitali. Mimi niko kazini. Nikitoka nitakuja kwako, dada. Kwake siendi."

Jioni alifika na watoto wawili na begi. Hawakumzungumzia Usukani. Wajomba walipopiga simu, sajini aliiacha mezani ikalia mpaka ikachoka, akaendelea kuwatandikia watoto kitanda.