Siku Tuliyotaka Kwenda Beni Bila Mzigo

Baba yangu alibeba mizigo kati ya Butembo na Beni kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na lori moja, baadaye mawili, kisha tena moja, na siku hizi hana hata moja. Tulipokuwa watoto, kila Idi ilipokaribia alituahidi kutupeleka Beni kwa shangazi, tukapumzike na baridi ya huku mlimani. Tulivaa nguo mpya tangu asubuhi tukakaa barazani kumngoja. Kisha lori lilitokea, na juu yake kulikuwa na maharagwe, saruji, godoro la mtu, mbuzi wawili, na abiria ambao hatukuwajua. Sisi tulipachikwa palipobaki. Nguo zetu zilifika Beni zimekwisha kugeuka rangi ya barabara. Mwaka mmoja mama alishuka pale pale uani, akavua viatu vyake, akarudi ndani kupika kama siku nyingine yoyote. Baba aliondoka bila sisi, maana maharagwe yalikuwa yanangojwa.

Mama amekwisha kufariki. Mimi ni mwalimu hapa Butembo, nina watoto wawili, msichana wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa miaka saba. Mume wangu anafanya kazi Kasindi, mpakani, ya kupitisha mizigo ya wafanyabiashara kwenye forodha, na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, alituachia gari kwa juma moja. Nikaona ndiyo nafasi. Nilimwambia baba kwamba Jumapili tunakwenda Beni kwa dada yangu mkubwa, sisi wanne tu, tule, tuongee, turudi kabla ya jioni. Na Kabasha, pale barabara inapoanza kuteremka, tusimame watoto waone bonde.

"Na muzigo gani?" akauliza.

"Hapana muzigo, Papa. Tunaenda kutembea tu."

Alinitazama kana kwamba nimesema tunakwenda kulima bila jembe. Lakini alikubali, na mimi nikampigia dada yangu nikamwambia apike.

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ilinyesha, usiku wa tatu mfululizo, na mwezi wa saba si mwezi wake. Asubuhi nilimkuta baba kwenye mlango wa nyumba yake, amevaa kofia yake nyeupe na koti zito, na kando yake gunia la viazi.

"Ni ya yaya yako," alisema, yaani dada yangu mkubwa. "Beni viazi hapana kama hizi."

"Papa, tulisemaje?"

"Hii si muzigo, mama. Hii ni chakula."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi. Nilimwomba aliache gunia. Alibaki ameshika mdomo wa gunia kwa mkono mmoja. Watoto walikuwa wamekwisha kaa ndani ya gari. Mwishowe nililiingiza mwenyewe nyuma, juu ya kikapu cha chapati na sambusa nilizokaanga tangu saa kumi na moja, na chapati zikalaliwa na viazi.

Kabla ya kufika Maboya alisema, "Simama." Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anangoja njiani. Baba alikuwa amefungua mlango kabla sijasimama vizuri. Sikuweza kumkatalia mwanamke mwenye mtoto mchanga, na baba alijua kwamba sitaweza. Watoto wangu walibanana, mvulana akakaa juu ya mapaja ya dada yake, naye akaanza kunung'unika kwamba mguu umekufa ganzi.

Kuna jambo lingine lazima nilieleze. Baba hakutufundisha sisi wasichana kuendesha gari. Aliwafundisha kaka zangu wote, hata yule asiyetaka. Mimi nilifundishwa na mume wangu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Na gari letu, kama mengi yanayoingia kwa njia ya Uganda, lina usukani wa kulia, wakati sisi tunapita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo ukitaka kulipita lori lililo mbele yako, anayeona kama njia iko wazi ni yule aliyekaa kando yako. Siku hiyo alikuwa baba.

"Bado," alikuwa akisema. "Bado. Sasa. Hapana, rudi. Tia ya pili. Mama, tia gia ya pili, gari inalia."

"Niko nasikia, Papa."

"Unasikia lakini hautie."

Mwanamke wa nyuma alicheka kidogo, kisha akajifanya anamtuliza mtoto. Niliubana usukani mpaka vidole vikauma.

Tulipofika Kabasha hakukuwa na bonde la kutazama. Ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye ukingo wa barabara, na mbele yetu kulikuwa na foleni. Kwenye kona, pale mteremko unapokaza, lori lililobeba mbao kutoka Beni lilikuwa limezama magurudumu ya nyuma kwenye tope. Lilikuwa hapo tangu juzi. Lakini upande wa mlima ilikuwa imebaki nafasi, na watu waliitandika matawi na mawe, na magari madogo yalikuwa yanapita moja moja, polepole. Tulikuwa wa tatu. Nilihesabu kwa macho: la kwanza lilipita, la pili lilipita huku limeinama upande. Zamu yetu ilifika.

Baba akafungua mlango.

"Papa, ni sisi sasa. Tupite."

"Ngoja kidogo, mama. Ile kamio hapana kutoka vile banafanya."

"Hapana kazi yetu."

Alikuwa amekwisha shuka. Alitembea kwenye tope kwa ile miguu yake miwili mibovu, koti likimpwaya, na madereva waliokuwa wamekaa kwenye mawe walisimama mmoja baada ya mwingine. Wote wanamjua. "Muzee, salama?" "Muzee, karibu." Dereva wa lori alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alipomwona baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipiga honi mara moja. Aliinua kiganja bila kugeuka, kama alivyokuwa akifanya kwa mama.

Nyuma yangu gari lingine lilipiga honi. Nilisogea pembeni, na mara tu niliposogea likanipita likateremka kupitia ile nafasi. Kisha lingine. Nilikaa nikiyaangalia yanavyopita.

Baba aliwapanga watu. Huyu alete mawe, hawa wakate matawi, wale washike kamba. Kwa nusu saa hivi, lazima niseme kweli, ilipendeza kumwona. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile tuliyoisikia uani utotoni. Binti yangu alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Mama, koko ni mukubwa wa hii barabara?" Koko ndivyo wanavyomwita babu yao. Nikamwambia afunge dirisha, baridi inaingia.

Kisha nikamwona anapanda kwenye lori.

Baba ana miaka sabini na minne. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Nilishuka nikakimbia, kandambili zikabaki kwenye tope, nikafika chini ya mlango wa lori nikiwa miguu mitupu.

"Papa, shuka. Mwachie mwenyewe."

Dereva alisema taratibu, "Hapana woga, mama. Muzee anajua."

"Rudi nyuma, mama," baba alisema kutoka juu. "Tairi itakurushia tope."

Aliwasha. Lori lilinguruma, watu wakavuta kamba, na gurudumu la kulia likapanda kweli juu ya mawe. Watu walianza kushangilia. Halafu mawe yakateleza. Mkia wa lori ulizunguka polepole sana, kama mtu anayegeuka kitandani, mpaka mbao zikaegemea ukuta wa mlima. Injini ilizima. Lori lilikuwa limelala kukata barabara, kichwa ukingoni na mkia mlimani, na ile nafasi ya magari madogo haikuwepo tena.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Dereva alikwenda kukaa kwenye jiwe lake. Baba alishuka akiwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili, akasimama kando ya gurudumu, akaliangalia. Madereva waliokuwa wakimwita Muzee walikuwa wakiangalia simu zao.

Pikipiki bado ziliweza kupenya chini ya mbao, na watu wa miguu pia. Mwanamke mwenye mtoto alinishukuru, akachukua mfuko wake, akavuka. Upande wa pili alipata pikipiki ya kwenda Beni, akatupungia mkono. Watoto walinisihi na sisi tuvuke vilevile. Lakini baba hawezi kupanda pikipiki kwa magoti yake, na gari la mume wangu singeliacha kwenye mteremko ule. Nilimpigia dada yangu. Alikuwa amepika pilau ya watu kumi na wawili, na amewaita majirani waje kumwona baba.

"Mumefika wapi?" aliuliza.

"Kabasha. Njia imefungwa."

"Nani amefunga?"

Nilisema ni lori la mbao.

Tulingoja mpaka saa tisa. Baba alisali adhuhuri kando ya gari juu ya mkeka wangu, amekaa, kwa sababu ya magoti. Chapati zilizolaliwa na viazi niliwagawia watu wa foleni, na yule dereva nilimpelekea sambusa nne, akazipokea bila kunitazama usoni. Ukungu haukuinuka. Watu walisema mashine ya kuvuta itatoka Beni kesho, wengine wakasema keshokutwa. Kwa kuwa askari hufunga kizuizi cha barabarani jioni na baada ya hapo hupiti, niligeuza gari mara tano mbele mara tano nyuma kwenye ile njia nyembamba, na baba hakusema tia ya kwanza wala tia ya pili. Hakuja mbele. Alikaa nyuma na mjukuu wake wa kiume.

Ukimya wake ndio ulionitoa maneno. Kama angenikosoa nadhani ningenyamaza. Tulipofika Maboya nilisema, nikiwa naangalia mbele:

"Papa, ilikuwa zamu yetu kupita. Umefunga njia ya watu wote kwa sababu hauwezi kukaa tu na wajukuu wako siku moja. Mama alifanya vizuri kushuka."

Mvulana wangu aliuliza mama yupi. Baba alisema, "Endesha." Nilimshusha kwake. Gunia nililiteremsha mwenyewe nikaliweka mlangoni.

Lori lilivutwa Jumatatu mchana. Baba hakwenda msikitini siku hiyo wala Jumanne, na jirani yake alinipigia kuniuliza kama anaumwa. Nilisema ni magoti. Nilikaa na hasira yangu siku tano, nikijieleza peke yangu jikoni kwamba niko na haki, na nilikuwa nayo. Siku ya sita nilikwenda.

Alikuwa amekaa barazani. Sikuwa nimekwisha kukaa vizuri aliposema:

"Nilikanyaga mafuta mapema. Ilipaswa ningoje bakaze mawe ya chini."

Nilingoja aendelee. Nilitaka aseme jambo juu ya watoto, juu ya safari, juu ya mimi niliyesimama kwenye tope miguu mitupu. Hakuendelea. Kwake yeye kosa lilikuwa la mguu na mawe, na hilo alikuwa amekwisha kulikiri, donc, basi, tumemaliza.

"Nami nilisema vibaya kuhusu mama," nilisema.

"Mama yako alishuka mara tatu," alijibu. "Wewe unakumbuka moja. Ya tatu nilimuomba apande. Nilimuambia nitashusha abiria bote. Akasema hapana, enda, vile vitu vya batu vitaoza." Akasafisha koo. "Sasa mutu angefanya aje?"

Nilikasirika upya, safari hii bila kujua nimkasirikie nani, na nikamwambia kwamba mimi si mama, kwamba mimi nilikuwa nimepika, nimejaza mafuta, nimeendesha, na niliomba jambo moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama gari halikuumia chini pale nilipogeuzia, maana kulikuwa na jiwe.

Jumamosi iliyofuata dada yangu alipanda kutoka Beni kwa pikipiki, amejifunga kanga kichwani kwa vumbi, na kaptura ya mumewe ndani ya gauni kwa baridi ya huku. Alisema amechoka kutungoja. Alikaa kwa baba siku mbili. Watoto wangu walikwenda kulala huko, na niliambiwa walicheka sana. Mimi nilikuwa na karatasi za mitihani ya marudio za kusahihisha, nikafika Jumapili saa kumi, wakati dada alikuwa tayari anaaga. Tulisalimiana mlangoni. Mume wangu alikuwa amekwisha kulichukua gari akarudi nalo Kasindi, kwa hiyo nilimsindikiza kwa miguu mpaka kituo cha pikipiki, nikarudi nyumbani na watoto wakinieleza mambo ambayo sikuyaona.